Neno la Kwanza la Murithi

Mpendwa Shangazi Kasyoka,

Salamu kutoka Garissa, na naomba unijibu upesi maana Jumamosi mume wangu anataka kumpakia mwanetu kwenye msafara wa askari ampeleke kwao Meru, mama mkwe amkate chini ya ulimi ili aseme. Murithi ana miaka minne, hakuwa na neno hata moja, hamtazami mtu usoni, kutwa anazungusha kifuniko cha sufuria, na ukikichukua analia mpaka majirani wanadhani waasi wa shifta wameingia, basi tukampeleka hospitali, daktari akampima masikio na ulimi akasema vyote vizima, akataja hali yenye jina refu la Kizungu, nami nikangoja sindano, kumbe dawa yenyewe ni mchezo: shika anachokipenda, ngoja akutazame au atoe sauti, mpe papo hapo, mfurahie, rudia kila siku, nikaona daktari ananidharau, lakini jirani yangu Hinda, mke wa mkalimani, akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, si tujaribu tu, inshallah?" akawa anashika kikombe cha maziwa na kungoja, na wiki iliyopita Murithi akamtazama, akasema "Aano!", yaani maziwa kwa Kisomali, nikapiga vigelegele, Hinda akalia, ila mume wangu aliporudi akawaka, "Vita hivi na shifta wa Kisomali, halafu mtoto wa karani wa serikali aanze na Kisomali? Ofisini watasemaje?" akamkataza Hinda kuingia kwetu, na tangu hapo mtoto amenyamaza tena. Je, nikubali akatwe?

Mama Murithi, Garissa

Mama Murithi,

Hongera, mwanao amesema! Nimecheka peke yangu hadi chai ikapoa. Sasa kaa nikukaripie.

Ulimi uliotamka "aano" una kasoro gani? Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, wembe ubaki wa kunyoa nywele.

Nawe uliyengoja sindano, nani kakwambia dawa lazima iume? Dawa hupimwa kwa kazi yake. Mlifanya alivyosema daktari, mtoto akasema, mkaacha, akanyamaza. Ushahidi gani mwingine unautaka, dada yangu? Siahidi kwamba atakuwa kama watoto wa jirani, maana hali hii hata madaktari bado wanaisoma, na najua inakuuma. Lakini akija mtu na hirizi, chale au chuma cha moto, muulize amewasaidia watoto gani, na utawaona wapi. Akianza kukohoa badala ya kujibu, mpe maji ya kunywa aende zake.

Baba Murithi naye ana hofu, na siku hizi nani hana? Mpe chai kwanza, kisha mwambie serikali haijatuma askari kuwinda maziwa. Mtoto akishajua kuomba kwa lugha moja, Kimeru na Kiswahili vitapata mlango. Haba na haba hujaza kibaba.

Jumamosi msafara uende bila nyinyi. Leo, kabla ya kafyu, nenda na mumeo mkamwombe Hinda radhi. Wiki hii rudini kwa daktari, wewe, mumeo na mtoto, awaonyeshe tena vizuri mchezo ule. Halafu mpe mumeo ashike kikombe mwenyewe, angoje, asifoke. Siku Murithi atakapomtazama baba yake machoni na kumwomba, tuone kama mumeo atauliza ni lugha gani.

Shangazi Kasyoka