Tuta Lisilo na Nyasi

Dada Felista,

Shikamoo. Nimemaliza sura ya mwisho, nawe ndiye uliyeniharibia ile niliyoiandika mwanzo.

Riwaya unaijua. Katibu wa kijiji kipya cha ujamaa anakutwa ameuawa, na watu wanne wanasimulia kwa zamu: mjane wake, mwalimu aliyetoka Mbeya, mgambo, na mzee mkulima. Mzee ni baba. Katika sura yake nilimfanya akiri.

Sikuwahi kukuambia, lakini miaka yote niliamini ni yeye aliyemuua katibu wetu. Hakutaka kuhama kule bondeni. Aligombana na katibu mbele za watu. Na panga lenye damu lilitoka kwenye tuta la shamba lake. Mimi mwenyewe niliamriwa na mgambo nilifukue. Walimshikilia, wakamwachia, lakini majirani waliacha kumsalimu. Ndipo nikahamia naye Morogoro, wewe ukabaki Laela kwa mumeo. Nilikula naye meza moja mpaka alipofariki, na sikumuuliza.

Mwaka jana nilipokuja kukusomea, ulikuwa unapepeta ulezi uani. Nikafika sura ya mgambo: tuta likafunguka, udongo mtupu, mwekundu, na panga katikati. Ukaweka ungo chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Udongo mtupu?"

"Mtupu, dada."

Ukacheka, halafu ukaacha. "Wewe mdogo wangu, umekula wali wa Morogoro mpaka umesahau ntumba? Nyasi ziko wapi?"

Nyasi. Tunazikata, tunazilaza, tunazifunika udongo zioze ndani; ndiyo ntumba, tuta letu sisi Wafipa. "Baba angeficha panga," ulisema, "angelifunika na nyasi. Mkono wake haukujua namna nyingine."

Jembe nililishika mimi. Udongo ule niliuona, nikauandika kwa mkono wangu, na sikuusoma.

Uliondoka kabla sijaandika upya. Sasa mzee hakiri. Anaeleza tu, ukurasa mzima, jinsi anavyotengeneza ntumba, na aliyemsikiliza mgambo vizuri ataelewa tuta lile si la mkono wake. Mhariri ananiuliza, basi muuaji ni nani? Simjui, dada. Nimeshamsingizia mtu mmoja. Yatosha.

Baba hakuisikia samahani yangu. Hilo sina pa kulipeleka, ila kwako.

Mvua zikielekea mwisho, nyasi zikiwa ndefu, nitakuja Laela. Nitaisoma sura ya nne kwa sauti kaburini kwako. Kisha nitaazima jembe kwa wanao, niingie shambani kwako, niinue ntumba moja, na nyasi ndani. Itakuwa imepinda, mgongo wangu si ule. Wacha wanicheke kwa niaba yako.

Pumzika, dada.

Mdogo wako,
Deo