Mistari Miwili Chini ya Mtutu

Villach, 3 Oktoba 1974

Dada Burgi,

Salamu kibao. Mimi mzima, meno yote yapo isipokuwa lile ulilonivunja na mlango. Kifua cha Baba vipi?

Nimesikia baa kwamba Baba amekukabidhi spana yake kubwa. Hongera! Nimecheka mpaka nikakosa usingizi. Mimi mtoto wa kiume nauza kofia sokoni, wewe ndiye unafunga mitutu ya bunduki za wawindaji! Ukikaza unavaa aproni ya jikoni au ya Baba? Mimi alinifukuza kwenye jiliwa lake la kubania mitutu kwa kosa moja tu.

Ndugu yako mwenye wivu (kidogo),
Loisl

Ferlach, 9 Oktoba

Loisl mdogo wangu,

Kwetu salama, Baba anakohoa ila supu anamaliza.

Kosa moja? Mtutu unazungushwa kama skrubu kuingia kwenye bodi, pale risasi inapokaa, na kila kimoja kina mstari wake chini. Mstari wa mtutu ukikutana na wa bodi, ndiyo umekaa pale fundi alipopima. Wa kwako uligoma kufika, ukachukua tupa ukachora mstari mwingine ili ionekane imekutana! Bunduki hiyo ingemlipukia mtu usoni. Njoo ule nudeli za jibini, uache maneno.

Dada yako,
Burgi

Villach, 22 Oktoba

Dada Fundi Mkuu,

Hamjambo huko? Mimi mkono umevimba, lakini kwa ushindi.

Nimepata bunduki kuukuu, nikaitafutia mtutu mwingine, nikaufunga mwenyewe nyuma ya duka la baiskeli. Mistari imekutana kama wapenzi stesheni! Mzee Kogelnig ameshainunua, Jumapili anapanda mlimani kuwinda. Msomee Baba. Pale kwenye "mwenyewe" soma polepole.

Ndugu yako fundi,
Loisl

TELEGRAMU, 24 Oktoba

MISTARI ILIKUTANA YENYEWE AU ULICHORA. JIBU LEO. DADA.

Villach, 28 Oktoba

Dada,

Mimi mzima kasoro jicho moja. Mzee Kogelnig mzima kabisa.

Telegramu yako nimeiweka mfukoni siku mbili, nikijifanya sijui kusoma. Jumapili alfajiri nikashindwa. Nimemfuata mlimani na viatu vya dansi, nimemkuta ameshalenga mbuzi wa milimani.

"Mzee, usipige!"

"We muuza kofia, unanifukuzia mbuzi?"

"Naomba bunduki yangu."

"Nimeshainunua!"

"Basi nipige mimi. Ila kwa ngumi."

Akanipiga. Mzee ana mkono, nakwambia.

Nilichora, Burgi. Nilikaza mpaka jasho likaingia machoni, mistari ikabaki mbalimbali kama mimi na Baba. Nilitaka tu aseme, "Loisl kaweza." Bunduki nimempa dereva wa basi akuletee, ifungue uifunge upya. Baba usimwambie.

Ndugu yako,
Loisl

Ferlach, 4 Novemba

Loisl,

Natumaini jicho limefunguka. Baba amelala, hajambo.

Bunduki nimeifungua, nimeifunga vizuri, Mzee Kogelnig ataipata Jumamosi. Mstari wako nimeufuta.

Barua nilimsomea Baba, nisamehe. Nilidhani atawaka. Akauliza tu, "Alipanda na viatu gani?" Nikasema vya dansi. Akatoa buti zake za mlimani chini ya kitanda, akazipaka mafuta mwenyewe, akasema zifungwe zije kwako. Ndizo hizo kwenye kifurushi.

Miaka kumi na moja nipo naye kwenye jiliwa lile, hajawahi kuniuliza nimevaa nini miguuni.

Dada yako mwenye wivu (si kidogo),
Burgi