Kaburi Lililochimbwa kwa Ajili ya Picha

Makokha mwanangu,

Msalaba wako umeandikwa Makokha. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Waigizaji wenzako wa Nairobi walikuja na msalaba mwingine, mzuri kuliko wetu, wenye herufi za rangi ya dhahabu: BARASA. Msalaba huo ulishinda siku nzima umelazwa kwenye gari lao, na jioni wakarudi nao.

Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike. Nimekaa nje ya nyumba ya mama yako hapa Shianda, na Nerea mwenyewe yuko kando yangu anachambua kunde. Haniulizi naandika nini. Tangu uende tunazungumza kidogo sana, mimi na yeye, lakini hakubali nile chakula cha jioni peke yangu kule sokoni ninakokaa.

Nakuandikia kwa sababu siri yetu nimeitoa, na nimeitoa mbele ya watu wote. Ni haki yako kujua ilivyokuwa.

Unakumbuka siku ya lile kaburi. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Watu kutoka hapa hadi Butere walimjua baba yako kwa jina la Mzee Kamera. Alianza kwa kupiga video harusi na matanga ya watu, kisha, kama alivyosema mwenyewe, akachoka kuchukua vilio vya kweli, akaanza kutunga hadithi zake. Nyumba nzima ilikuwa kampuni yake. Mama yako alishika maikrofoni iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio. Wewe uliigiza tangu ukiwa mdogo, mtoto wa kutumwa dukani anayerudi bila chumvi. Kwaya ya kanisa ndiyo ilikuwa umati, iwe ni umati wa sokoni au wa mahakamani.

Mimi nilikuwa mwalimu mgeni, niliyefika na mabinti wawili na godoro moja. Baba yako aliniona shuleni nikiwafundisha ninyi maigizo, akaniambia, "Mwalimu, wewe uko na uso ya kufiwa. Nitakuhitaji." Nilicheka. Ndivyo nilivyokuwa mama yako wa kwenye picha, nawe ukaanza kuniita Mama Picha, na hukuacha hata ulipokuwa na mvi.

Siku ile alichimbisha kaburi la kweli, nyuma ya migomba, kwa sababu alisema udongo mwekundu hauigizwi. Wazee walinung'unika. Wewe ulilala kwenye jeneza la kuazima, pamba puani. Katika hadithi jina lako lilikuwa Festo. Kazi yangu ilikuwa kuingia nikikimbia kutoka kwenye lango, mikono kichwani, nikilia, "Festo mwanangu!" Tulikuwa tumerudia mazoezi mara nne.

Nilikimbia. Nilipofika ukingoni na kuuona ule udongo, nililia, "Barasa." Barasa umeniacha na nani. Barasa sikukulilia. Sijui nililia muda gani. Baba yako hakuzima kamera. Nilipoinua uso, watu wa kwaya walikuwa wanalia machozi yao wenyewe, hawaigizi tena. Yeye alisema neno moja tu: "Barasa ni jina nzuri kuliko Festo." Akapiga upya sehemu zote za mwanzo ili uitwe hivyo. Picha ile ikauzwa kila soko, ikaonyeshwa kila kibanda cha video, na tangu hapo nchi nzima haikukujua kwa jina lingine.

Kuna jambo ambalo wazee walilisema wakati kamera zinafungwa: shimo alilochimbiwa mtu halifukiwi tupu, la sivyo litaendelea kumngoja mtu. Wakakata mgomba, wakaulaza ndani, wakafukia. Watu wakaenda kula. Wewe ulibaki, pamba bado katika tundu moja la pua, ukaniuliza, "Mama Picha, Barasa ni nani?"

Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza. Nikakwambia. Barasa alikuwa mume wangu. Alikufa kwa homa ya mapafu wiki ileile sisi wageni tulipoambiwa tuondoke kwenye shamba letu, kule ng'ambo ya mto. Tulimzika asubuhi, mimi na wanaume watatu wa kanisa, kando ya mahindi tuliyoyalima miaka kumi na tisa. Waliniomba nisilie kwa sauti, tusije tukasikika. Sikulia. Saa sita tulikuwa kwenye lori. Sijarudi tena. Nasikia pamelimwa pote, hakuna alama.

Halafu ukatazama ule udongo mbichi, ukasema, "Basi huyo mgomba ni yeye. Na tumemzika vizuri, hata kwaya ilikuwepo." Nilicheka nikilia. Tangu siku ile nikawa na kaburi. Kila Jumamosi nilikuja kwenu kuchukua maziwa, nikapitia nyuma ya migomba na kung'oa magugu. Watu walidhani ni mapenzi ya picha yangu.

Ni wewe pia uliyesema tusimwambie mtu. Ulikuwa kijana, lakini uliijua nchi yako. Huku kwetu watu wanapogombania shamba hawaanzi na karatasi. Wanaonyesha makaburi: huyu ni babu, huyu ni nyanya. Mgeni akisema mume wangu amelala hapa, amesema shamba hili ni langu. Nikakaa kimya miaka yote hiyo.

Picha ile ndiyo iliyokupeleka Nairobi. Huko kwenye vipindi vya televisheni wakakufanya bawabu. Ukacheza bawabu, mpishi, bawabu tena. Walitaka useme "chakura" na "lafiki" ili watu wacheke, wewe niliyekusimamisha mbele ya darasa usome gazeti zima bila kuteleza. Nilikuandikia barua kali. Hukuijibu kwa barua, ulinipigia simu. "Mama Picha," ukasema, "bawabu naye ana mama. Mimi namchezea mama yake." Nikarudi kukutazama upya, na hapo ndipo nilipoona. Kila mwanamke mzee alipopita langoni kwako ulivua kofia, na najua hakuna aliyekuandikia uivue. Ulifunga geti la tajiri kama mtu anayefunga boma lake mwenyewe. Watu walicheka maneno yako, lakini wewe hawakukucheka. Nilipaswa kukuambia hivyo wakati ule. Sikukuambia. Nilidhani kuna wakati.

Mwishowe wakakupa baba wa bibi harusi, kisha jaji. Siku ya jaji ulinipigia tena: "Leo nimevaa suti, Mama Picha, na hakuna aliyeniambia nifungue geti!" Tulicheka mpaka simu ikakatika. Na kila ulipokuja nyumbani, vijana wa bodaboda walikupigia kelele barabarani: "Barasa! Barasa!" Hukujua nilivyosikia mimi. Mtu alikuwa anamwita mume wangu, na mtu alikuwa anaitika.

Halafu ukaja ugonjwa wa figo.

Nerea alikuja mwenyewe sokoni, kwa miguu, kuniambia umekwenda. Hakutuma mtu. Siku ya tatu tulikaa kikao cha maziko hapa uani. Mwenzako mmoja kutoka Nairobi, yule mpole mwenye miwani myeupe, alisimama akasema mashabiki wote wanalijua lile kaburi la kwenye picha. Akaomba lifunguliwe, ulazwe humo, uwekewe ule msalaba wao. "Itakuwa historia," alisema. Baba yako mdogo, Omulama, ndiye msemaji wa boma tangu Mzee Kamera afariki. Akakubali kwa sababu zake: "Shimo iko. Mtu hachimbiwangi mara mbili."

Nilikuwa nimekaa na wanawake, sahani mapajani. Nikafikiri: nikinyamaza, kesho jembe litatoa ule mgomba uliooza, nami sitakuwa tena na mahali. Nikisema, nitakuwa mgeni aliyedai shamba katikati ya matanga. Nina miaka sabini na sita, Makokha. Nimewahi kufukuzwa mara moja. Sikuwa na nguvu za mara ya pili.

Nilisimama. Nilisema yote kama nilivyokuambia wewe, kwa ufupi zaidi.

Omulama akaniuliza, "Mwalimu, unataka shamba?"

"Sitaki hata hatua moja, Omulama. Nataka shimo moja lisifunguliwe."

"Shimo ni shamba. Leo ni mgomba, kesho wajukuu wako wanakuja na wakili."

"Wajukuu wangu hawajui hata njia ya kufika hapa."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, hata hakushusha sauti, "Si huyo anaigizanga tu? Ndiyo kazi yake." Wengine wakacheka. Nikaona kijana ameinua simu ananichukua. Hilo liliniuma kuliko swali la Omulama. Nikabaki nimesimama na sahani mkononi.

Ndipo Nerea akasimama. Unajua mama yako hajawahi kusimama mbele ya watu. Maisha yake yote alikuwa upande wa ufagio. Alisema, "Siku ile nilikuwa na vidude vya masikio. Nyinyi mlisikia kwa mbali, mimi nilisikia karibu. Ile haikuwa maigizo. Nimejua miaka yote, nikangoja aseme mwenyewe." Akamgeukia Omulama. "Mtoto wangu amekula na jina ya mzee wa huyu mama. Amevaa nayo. Hata hospitali aliitwa nayo. Sasa tufukue mwenye jina, tulaze mwenye aliazima? Hapana. Makokha achimbiwe yake, na aandikwe yake."

Hakuna aliyecheka tena. Hata yule kijana aliteremsha simu.

Omulama alichora chini kwa fimbo yake, kisha akatoa masharti. Kaburi la Barasa libaki, lakini lisiwekwe msalaba, wala simenti, wala jina. La pili alilisema akiwa ameinama, hakunitazama: "Na wewe, Mwalimu, siku yako ikifika, hautalala hapa."

Nililielewa kabla hajamaliza. Kaburi la mume pekee linaweza kusamehewa. Mke akilala kando yake, hilo limekuwa boma. Usimkasirikie. Ana wana watano na shamba ni dogo, nusu yake miwa. Angekuwa mtu mbaya asingeinama. Nerea alitaka kupinga, nikamshika mkono. Nikasema mbele ya wote, "Nimekubali."

Ukachimbiwa lako, hatua nne kutoka kwa Barasa. Ngoma za isukuti zilipigwa kuanzia barabarani, kama ulivyostahili. Nilipoingia langoni nikaona simu zimeinuliwa. Walikuwa wananingoja nikimbie, mikono kichwani. Sikukimbia. Nilitembea polepole na fimbo yangu, nikaenda kusimama karibu na mama yako. Na yeye, wakati jeneza linashuka, alilia. Sikuwahi kumsikia. Ana sauti kubwa, Makokha, ya kina, inayotoka mbali, watu wa kule barabarani walisimama. Yangu ni ya kitoto kando yake. Miaka yote ile baba yako alimpa mwigizaji ufagio, na mimi akanipa kilio.

Wageni bado wanakuja. Wiki jana walitoka Butali, wasichana watatu wa chuo, wakasoma msalaba wako wakachanganyikiwa. "Hapa si kwa Barasa?" mmoja akaniuliza. Nikamwambia jina alilopewa mtu huyu na mama yake ni Makokha, na kwamba lile lingine alilitunza vizuri kwa niaba ya mtu. Hakuelewa, lakini aliandika Makokha kwenye simu yake. Nilimwangalia mpaka akamaliza.

Mabinti zangu nimewaambia. Mkubwa alilia kwenye simu, akasema nihamie kwake Nakuru. Nimemwambia hapana. Nitazikwa kwenye makaburi ya umma mjini Kakamega, na nimeshamwomba mchungaji aandike hivyo kwenye daftari lake ili siku hiyo asitokee mtu wa kubishana na Omulama. Usidhani nalalamika. Kwa miaka mingi sikujua mume wangu amelala chini ya mahindi ya nani. Sasa najua amelala karibu na nani.

Kwa hiyo nakuaga, mwanangu, na pamoja nawe namuaga yeye, kwa sababu mara ya kwanza sikupata nafasi. Mlilitumia jina moja, vumilianeni. Omulama nilimwahidi kifo changu, nami nitatimiza. Wewe nakuahidi kilichobaki: nikifa nitakuwa wa mjini, lakini maadamu miguu inanibeba, Jumamosi ni zenu.

Mama yako wa picha,
Mwalimu Rasoa