Baba Yenu Kaisema Chai Yangu

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto. Nguo mzianue kabla ya mvua. Nampeleka baba yenu hospitali. Leo ni mara yake ya saba kutibiwa kichwa kwa umeme.

Asubuhi kaonja chai, akanikunjia uso: "Mama watoto, hii ni chai au maji ya kuoshea vikombe?"

Iliniuma, nisiwafiche. Kisha nikaingia jikoni nikalia kwa furaha. Tangu ule ugonjwa wa sonona umlaze, miezi minane sasa, hajajali anakula nini wala nani kaingia chumbani. Leo kagomba! Daktari alisema nafuu itaanza na vitu vidogo.

~~Tukirudi msimsumbue.~~ Tukirudi msalimieni kwa sauti. Naamini ataitikia.

Mama