Mtu wa Malindi

Alhamisi, 6 Februari
Theluji tena huku ughaibuni. Sikutoka. Natayarisha mazungumzo ya Jumamosi msikitini: Wareno walivyoingia miji yetu ya pwani. Mombasa iliwapinga, ikachomwa zaidi ya mara moja. Malindi iliwapokea, ikawapa chakula na rubani wa kuwafikisha Bara Hindi. Mke wangu Zuhura kaniletea chai, akachungulia. Yeye wa Malindi, mimi wa Mombasa.
"Leo tena mwatusema?"
"Si nyinyi mliowafungulia mlango?"
"Na nyinyi mliringa mpaka mkachomewa nyumba."
Utani wetu tangu harusi.

Jumamosi, 8 Februari
Ukumbi ulijaa. Nilisoma vizuri. Kisha nikanyoosha kidole upande wa wanawake, nikasema: "Msaliti mwenyewe yule pale." Watu walicheka. Mjukuu wetu Salma alicheka kuwashinda wote. Zuhura hakucheka. Nyumbani neno hilo sijapata kulitumia.

Jumapili, 9 Februari
Kaenda Blaine, mji wa jirani, kwa binti yetu. Hakuaga. Siku hizi siendeshi gari, macho yamefifia. Na huko hufiki bila gari.

Jumatano, 12 Februari
Nimepiga simu. Kapokea Salma. Mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza, kama kawaida. Kawaambia wenzake shuleni kwamba bibi yake ametoka mji wa wasaliti. Kwake ni jambo la kuchekesha. Nikamsikia Zuhura nyuma: "Muulize babu yako. Mji mdogo, jirani mkubwa anautisha kila siku, na meli za mizinga zimetia nanga mbele yake. Angefanyaje yeye?"
Woga ule wa Malindi niliujua. Nimeusoma zamani. Jumamosi niliuacha kwa sababu ungeharibu kicheko.

Jumamosi, 15 Februari
Niliomba nafasi tena. Nimeyasema yote: hofu ya Malindi, ubabe wa Mombasa, na jinsi Wareno walivyohamia kwetu Mombasa baadaye wakaiacha Malindi inyauke. Nikasema neno lile lilikuwa uonevu. Watu wachache. Salma alikuwepo. Zuhura hakuja.

Jumatatu, 17 Februari
Zuhura karudi. Binti yetu kamshusha mlangoni. Kapika samaki wa nazi. Tulipoketi akauliza, "Vipi, mtu wa Mombasa, utakula samaki wa msaliti?"
Akangoja.
Miaka yote hii humrudishia utani papo hapo. Nikasema samaki ni mzuri.
Akanitazama kidogo, akaniongezea wali.