Pasi Fupi kwa Kipa

Nyumbani, nyuma ya kituo cha mafuta
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Na usingizi unapata, au bado unaikodolea dari macho? Sisi huku wazima. Baba ana kikohozi chake kilekile, nami nashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi, lakini tunamshukuru Mungu.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Eti Ijumaa utamwambia kocha mkataba mpya huutaki, unaacha mpira, unarudi nyumbani, kwa sababu ya pasi moja. Ndiyo, ilikuwa fupi. Mshambuliaji wao aliiwahi kabla ya kipa, tukafungwa dakika ya mwisho. Sikufichi, nilikutukana, na kikombe nikavunja.

Ila ngoja nami nikupe yangu. Hapa nyumbani hatutazami mpira, tunakutazama wewe. Mpira ukiwa upande wa pili, Baba anasogea hadi ubavuni mwa televisheni, anachungulia, kana kwamba atakuona huko nje ya kioo. Mwezi uliopita timu yenu ilifunga goli na hatukujua kafunga nani, maana tulikuwa tunabishana kama ulikuwa unachechemea. Jirani yetu fundi viatu alitucheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo ninachokijua mimi, wenye magazeti hawakijui. Siku ile ulipanda na kushuka upande wako wa kushoto mpaka nikachoka mimi niliyekaa. Yule winga wao mwenye mbio hakupiga krosi hata moja, akatolewa kipindi cha pili amenuna. Nani aliliandika hilo? Mji wetu una barabara moja ya lami na kiwanja cha kokoto, na hakuna aliyekushika mkono kukufikisha huko. Ulikuwa unakimbia kilima cha tangi la maji kila asubuhi kabla ya shule, umevaa raba zangu zilizokuwa zinakubana, na hukulalamika. Mdogo wangu, najivunia wewe kuliko ninavyoweza kusema.

Nilimpa Baba asome ujumbe wako nikitegemea atakufokea, kwa kuwa mimi hunisikii. Alisoma, akavua miwani. Kisha akaenda kuchukua randa yake ya zamani, akaanza kuranda mlango wa chumba chako, ule unaokwama. Nikamuuliza, ina maana unamruhusu aache?

Akasema, "Akija amechoka, mlango utafunguka. Akibaki, abaki kwa kupenda. Ile pasi nilishamsamehe ikiwa bado njiani."

Nilitoka nje nikalia. Sasa amua mwenyewe, sitakusukuma.

Msalimie mkeo, na umbusu binti yetu mashavu yote mawili. Shangazi anakusalimu sana, na fundi viatu pia. Mungu akulindie miguu, na moyo zaidi.

Akupendaye hata ukikosea,
Dada yako