Mwenye Vyeti na Mwenye Mkeka

Mwanangu,

Chakula kimo jikoni, nimekifunika. Mvua ikianza, anua nguo. Nimetoka na mwanao Chiriku. Tumerudi kwa yule dada wa jana wa tiba kwa vitendo, anayewazoeza watoto kutumia vidole, uliyemkataa eti ofisi yake ina mkeka na ndoo ya vifungo tu.

Huyo bwana mtaalamu uliyetupeleka kwake leo asubuhi nimemwona, ahsante. Vyeti vimejaa ukutani hadi nikatafuta dirisha nikalikosa. Saa nzima anakueleza habari za vidole vizito vya mtoto, nawe unaitikia kwa kichwa kama mjusi. Tulipoaga, Chiriku akainama kufunga viatu. Bwana akatazama saa, akapiga goti, akamfungia! Na ndicho tulichompelekea mtoto, ajifunze kujifungia. Wewe ukamshukuru.

~~Mpigie umwambie bado tunafikiria.~~ Mpigie umwambie haturudi.

Yule dada wa mkeka alimsubiri Chiriku afunge kiatu kimoja. Dakika kumi na mbili, wewe unapiga miayo mlangoni. Fundo lilikaa upande, lakini ni lake.

Wala usiseme mama yako anajifanya mjuzi. Kosa la bwana yule nalijua kwa sababu ni langu. Wewe nilikufungia viatu hadi darasa la nne, maana kila siku nilikuwa nachelewa kazini. Matunda yake nimeyaona leo chini ya kochi: soksi tatu.

Nimeziacha palepale. Ziokote mwenyewe, taratibu tu. Safari hii nitasubiri.

Mama yako